Kuni za Tanuri

Alhamisi, Oktoba 1975

Bado siamini. Miti ya chemchemi imekatwa, imebaki miwili tu.

Asubuhi nilikwenda kuteka maji nikakuta visiki vinatoa utomvu. Kijiji chetu hiki kipya kimezungukwa na nyasi tupu; miti ilikuwa pale peke yake, na maji ya kaya zote yanatoka chini yake. Mwaka mzima, tangu niletwe hapa kama ofisa maendeleo, nimewahimiza watu wasiiguse.

Mama Klementina wa kamati ya maji alikuwa anajaza ndoo.

"Shikamoo, mama. Nani amefanya hivi?"

"Marahaba. Ni sisi, Bibi Maendeleo."

"Ninyi kamati?"

"Si ulisema matofali ya shule yachomwe kabla ya mvua, na asiyeshiriki atatajwa wilayani? Ulitaka kuni tuzitoe wapi?"

Ni kweli nilisema, tena kwa ukali, mbele ya mkutano mzima. Habari ya kuni haikunijia kichwani hata kidogo.

Nilikimbia kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamkuta ananoa shoka. Nilimsihi aiache ile miwili.

"Matofali yatabaki mabichi," alisema.

"Yabaki."

"Na shule? Wilayani utawaambia nini?"

"Kwamba kosa ni langu."

Aliweka shoka chini, akaniambia niyaandike hayo.

Barua ya kwenda wilayani nimeimaliza sasa hivi. Naogopa watanihamisha. Ninaogopa zaidi kiangazi kijacho, watu hawa wakija na ndoo zao pale na kukuta chemchemi imekauka.