Picha Yangu na Katoni

Ijumaa, 14 Novemba
Nimerudisha vifaa vya chekechea darasani. Jana chumba changu kilikuwa kituo cha kura, nami nilikuwa mmoja wa makarani. Chati, mikeka, katoni ya vijiwe vya kuchonga kutoka Tabaka ambavyo watoto wangu huhesabia. Nzito ajabu. Mgongo unauma. Jua linatua, Sabato inaingia. Nazima simu.

Jumamosi, 15 Novemba
Kanisani watu walininyamazia. Nikadhani ni uchovu wa uchaguzi. Sabato ilipoisha nikawasha simu. Mungu wangu! Picha yangu nimebeba katoni, na maneno ya Ekegusii, lugha yetu, juu yake: mwalimu huyu ameiba kura zetu. Imezunguka tangu jana jioni, nami kimya kama mwenye hatia. Nimeiripoti kwa wenye mtandao.

Jumapili, 16 Novemba
Jibu limekuja. Picha haivunji kanuni zao. Dadangu Nyaboke, anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi, amenipigia. "Wee, hao hawana mtu wa kusoma Ekegusii. Ni mashine tu, na haijui kitu." Hapa kwetu Nyaramba kila mtu ameelewa, wao tu ndio hawajaelewa.

Jumatatu, 17 Novemba
Kati ya watoto ishirini na wanane, wamekuja wanne. Wazazi wamewazuia wengine.
Saa nne nikaandika ukweli wote mtandaoni, kwa Kiswahili safi: sikuiba kura, hakuna wizi wa kura, katoni ilikuwa na mawe. Saa nane wakaondoa. Yangu! Eti naeneza uongo kuhusu wizi wa kura. Wamenifungia siku saba. Ile picha bado iko. Kiswahili wanakisoma, basi wakaninyamazisha mimi. Nimelia stoo, mlango nimefunga.

Jumatano, 19 Novemba
Mtoto mmoja. Mwalimu mkuu amesema nikae nyumbani hadi mambo yatulie. Yatatulizwa na nani? Kwenye geti letu mtu ameandika MWIZI kwa makaa. Mama amesugua mpaka vidole vimechubuka. Naogopa. Nimeliandika neno hilo humu, silifuti.

Alhamisi, 20 Novemba
Nilivaa gambuti, viatu vyangu vya matope, asubuhi, nikaanza kwa miguu. Boma kwa boma, kwa Ekegusii. Katika matano walinisikiliza. Katika mawili hawakufungua.
La nane ni kwa kina Moraa, mwanafunzi wangu. Aliponiona alikimbia, akajificha nyuma ya mamake. Mamake akavuta kiti.
"Keti, mwalimu. Sema, tusikie."
Nikasema yote. Moraa hakutoka nyuma ya mamake.