Kura Niliyompa Mgeni

Alhamisi, 3 Agosti 2017

Daftari, salamu kwanza. Niliishia darasa la nne na nilichofundishwa kuandika ni barua, kwa hiyo naanza kibarua-barua. Karimu mume wangu hajambo, analinda geti la watu huko Braamfontein, kifua tu kinambana kwa baridi. Mama mkwe Bi Zaina hajambo, magoti yale yale. Nusaiba, mwanangu wa pekee, mwaka wa pili chuoni, mzima, ila hali chakula vizuri, anaongea na kioo. Nami mzima. Wasiwasi tu, nao ni wa kila siku.

Nusaiba anajiandaa kwa Jumamosi. Yeye na wenzake wanapenda ile tamthilia ya meli inayokwenda kwenye nyota. Ina makapteni wawili, na vijana wanabishana yupi aliongoza vizuri zaidi. Chumba chao cha chuo kinapakwa rangi, watakuja hapa kwetu Joubert Park. Watu wanane! Viti vitatu! Nimesema waje. Nitapika pilau.

Jumamosi, 5 Agosti

Wamekuja, wengine wamekalia ndoo. Kapteni Telsin anatetewa na Firmin, kijana Mkongo wa Lubumbashi, mara yake ya kwanza kuingia kwetu. Kapteni Imra, mwanamke, ni wa Nusaiba. Telsin anaamua papo hapo, haulizi mtu. Imra anauliza kwanza, hata mafundi wa chini kabisa.

Firmin: kapteni wako, meli inaungua yeye anaitisha kikao! Kicheko. Nusaiba: na wako akipiga chafya tu watu wanaingia chini ya meza! Kicheko zaidi — nami na mwiko wangu mlangoni.

Wabishi wawili hawapigi kura. Wengine sita: tatu kwa tatu. Nusaiba akasema, Ma aamue, hana upande, hajawahi hata kuitazama.

Wote wakanigeukia. Moyoni nilishajua — Imra. Mtu anayeogopwa haambiwi tundu liko wapi. Nimesuka nywele chini ya bosi wa namna ya Telsin. Mashine ya kukaushia ilianza kutoa moshi, wote tuliona, tukanyamaza.

Lakini Firmin alikuwa na sahani yangu magotini. Alinawa mikono kwa adabu, akasema, Mama, chakula iko muzuri sana. Kwetu Tanga mgeni wa mara ya kwanza hashindwi ndani ya nyumba yako. Marehemu mama akicheza karata na mgeni alikuwa anaficha turufu makusudi. Na mwanao usimsifu mbele ya watu, utaonekana huna haya. Nikasema: Telsin. Nikaongeza na sababu za uongo, eti meli si baraza la kijiji.

Makofi. Nusaiba akakusanya vikombe. Hakuniangalia. Mimi nilidhani ni mchezo!

Jumapili, 6 Agosti

Nusaiba kahamia kwa rafiki yake Murielle, karibu na chuo. Kabeba blanketi. Nilimwuliza kosa, akasema hakuna kosa, Ma, umesema unachoamini. Nikamfungulia mlango.

Karimu ndiye kanieleza. Mshindi wa ubishi ule anakwenda Cape Town mwezi wa tisa, kusema jukwaani mbele ya mashabiki wa nchi nzima. Nusaiba anajiandaa tangu Mei. Hukujua? kaniuliza. Sikujua. Au aliniambia nikiwa nakaanga kitu, nikajibu ehe, ehe. Eish.

Mwanangu anaamini mama yake kamsikiliza mpaka mwisho halafu akamwona hafai.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake ya huku. Firmin kaja na kopo la biskuti kushukuru. Anasema jina lake linapelekwa Ijumaa, fomu inafungwa saa sita mchana. Akasema, Mama, ile maneno yako ya baraza nitaisema kule.

Uongo wangu unapanda ndege!

Nikafungua mdomo nimwambie. Yakatoka mengine: chai na sukari ngapi, mwanangu? Kanywa vikombe viwili. Kaondoka. Mwoga mimi.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimempigia Nusaiba mara nne. Hapokei. Bi Zaina kasema mgeni ni siku mbili, mtoto ni wa maisha. Sasa ndiyo ananiambia!

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika kwenye benchi la kituo cha basi, Braamfontein, mbele ya chuo chao. Saa tano na dakika arobaini.

Nimemwambia Firmin. Nilisimama, sikukaa, nisije nikamkaribisha kitu. Nikasema kura yangu haikuwa yako, baba, ilikuwa ya ugeni wako. Akacheka kidogo. Halafu akaacha. Akasema, kumbe Mama ulinihurumia. Bora angenitukana. Sasa nimewavunjia heshima wote wawili.

Anasema hawezi kuliondoa jina lake mwenyewe kwa neno langu. Nusaiba akisema anataka kwenda, ataliandika la Nusaiba. Asiposema, anatuma lake. Yuko pale kwenye ngazi za chuo, simu mkononi, haniangalii.

Nimemtumia Nusaiba ujumbe. Naunakili hapa nisije nikasema baadaye kwamba niliandika vizuri zaidi:

Nusa mwanangu, hukushindwa. Nilimpa mgeni haki yako ili nionekane mwenye adabu. Niliamini kila neno ulilosema. Firmin anajua, anakungoja wewe useme. Bado dakika ishirini. Nitukane, sitajibu kitu, ila nijibu upesi, hata neno moja.

Alama mbili. Zimekuwa buluu.

Kasoma.