Malta ya Papa Neema

Jumatatu, 3 Machi

Vichwa vinne leo saluni. Wa mwisho alitaka misuko midogo midogo, kisha akasinzia kitini, kichwa kikawa kinaanguka kila dakika. Vidole vinaniuma mpaka kwenye kiwiko. Mama Gracia, mwenye saluni, hakutoka kwenye simu yake siku nzima.

Papa Neema, mume wangu, alipiga saa ya chakula. Amepata karatasi. Miaka saba anaitafuta. Sasa ni mkimbizi kamili huko Malta, anaruhusiwa kuita mke na mtoto. Niliachia nywele za mteja, nikatoka nje, nikasimama pale kwenye robot, taa za magari, ya Umbilo Road. Taa imegeuka mara ngapi sijui. Nimelia mbele ya watu wote na sioni haya.

Neema ana miaka kumi. Papa yake alimwacha wa mwaka mmoja, wakati tulipokimbia Uvira. Yeye alishika njia ya kaskazini, mimi na mdogo wangu Kashindi tukashuka huku kusini, Durban. Tulisema miezi sita tu.

Jumatano, 5 Machi

Papa Neema amesikia kwamba kwenye ubalozi wanauliza maswali juu ya nchi. Ameambiwa na nani, hajui. Basi tunasoma. Neema ameleta kitabu cha maktaba, anasoma kwa Kiingereza, mimi naandika hapa.

Malta ni visiwa katikati ya Mediterania. Sicily iko juu yake, Libya iko chini. Visiwa vyenye watu ni vitatu: Malta, Gozo na Comino, na Comino watu wake unawahesabu kwa vidole. Mji mkuu Valletta. Nchi nzima ni ndogo kuliko Durban. Nilimwambia Neema arudie hapo. Ndogo kuliko Durban, na wana raisi.

Hakuna mlima. Kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita mia tatu. Hakuna mto, hata mmoja. Maji mengi ya kunywa wanayatoa baharini na kuyaondoa chumvi kwa mashine. Mimi nimezaliwa na milima nyuma ya nyumba na ziwa mbele, na mto wetu Mulongwe ukikasirika unabeba nyumba za watu. Nchi bila mto inanishinda kuiwaza. Neema yeye anataka kujua kama shuleni kuna bwawa la kuogelea.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoa shukrani kanisani. Watu wamepiga makofi. Mchungaji akakumbusha kwamba mtume Paulo alivunjikiwa na meli kwenye kisiwa kile kile, na wenyeji wakampokea vizuri. Miaka yote nimesikia habari ile bila kujali ni wapi. Leo nimejali.

Kashindi alikuja kula, pamoja na Thandeka wake. Wanakaa Cato Manor. Tumbo la Thandeka limeanza kuonekana. Nilivyowaambia habari, Kashindi akaninyanyua juu kama mtoto. Kisha akanishusha. Akasema, "Dada, na dosye yetu kule ofisi ya wakimbizi?"

Nilikuwa nimesahau. Mungu anisamehe, nilikuwa nimesahau kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike tu, hakuna anayesoma.

Tulipofika Durban tulipanga mstari siku tatu ili kuomba hifadhi. Watu wa mstarini, Wakongo wenzetu, wakatushauri. Kaka na dada wanapewa dosye mbili, faili mbili, wanatenganishwa, mmoja anaweza kukubaliwa na mwingine kukataliwa. Mke na mume ni dosye moja. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Tukacheka. Tukaingia ndani, Kashindi akasema mimi ni mke wake na Neema ni mtoto wake. Tukaapa, tukatia vidole kwenye wino.

Toka siku hiyo, kwenye karatasi, nimeolewa na mtoto wa mama yangu. Neema alifundishwa mapema: ofisini mwite papa, nyumbani mwite mjomba. Hajakosea hata mara moja. Nilikuwa najisifu kwamba nina mtoto mwenye akili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda kwa wakili, mama mmoja anayesaidia watu bila malipo. Nikamweleza yote. Hakunigombeza, ningependa anigombeze.

Kwa Neema, damu yake itapimwa na damu ya papa yake, basi, itajulikana ni wa nani. Kwa mke hakuna damu ya kupima. Kwa mke wanatazama karatasi, na karatasi zangu zinasema nina mume Durban. Cheti cha ndoa ya kanisa kilibaki Uvira na nyumba ilichomwa. Nina picha moja ya harusi, uso wangu umekatwa nusu.

Nikasema, basi pima damu yangu na ya Kashindi, ionekane ni ndugu. Akasema inawezekana. Ila ikionekana ni ndugu, itaonekana pia kwamba tuliapa uongo. Dosye inaweza kufungwa, yangu na yake. Bila karatasi mimi sitoki, na Kashindi hafanyi kazi kiwandani Mobeni tena, anaweza kurudishwa. Na kuifungua upya ni miaka. Na Papa Neema ana muda wa miezi tu wa kuomba, ukipita umepita.

Nilitembea kwa mguu mpaka nyumbani. Sikutaka kukaa kwenye taxi na watu.

Jumanne, 18 Machi

Uchumi wa Malta. Watalii. Meli, kuzitengeneza na kuziandikisha. Benki. Makampuni ya kamari ya kwenye intaneti, mengi sana. Viwanda vidogo. Samaki wa kufugwa baharini. Hawana mafuta, hawana dhahabu, hawana cobalt, hawana kitu ardhini isipokuwa mawe ya chokaa ambayo wanayakata na kujengea nyumba. Na wanakula vizuri. Sisi tuna kila kitu ardhini na tuko hapa Umbilo, wapangaji sita kwenye chumba na sebule.

Papa Neema anabeba hayo mawe. Anasema yana rangi ya mkate. Anasema jioni akipiga chafya inatoka nyeupe.

Nimemwambia habari ya dosye leo. Aliuliza tu, "Mlilala kitanda kimoja?" Miaka tisa namngoja mtu huyu. Nikakata simu.

Jumatano, 19 Machi

Amepiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nikapokea. Aliomba msamaha kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Nimesamehe. Lakini inauma bado, siwezi kusema haiumi.

Jumamosi, 22 Machi

Kashindi amekuja peke yake. Anasema twende kwenye ofisi kusema ukweli. Anasema yeye ni mwanaume, atajitafutia. Mtoto wake anazaliwa mwezi wa nane. Hata kumwoa Thandeka hawezi, kwa sababu ya mimi, kila pahali wanamwambia una mke. Na bado anasema twende.

Nilimtazama viatu. Vya kazi, vya chuma mbele, vimepasuka kidoleni. Nikamwambia nitafikiri.

Nimeshafikiri. Mama yetu alinikabidhi huyu akiwa na miaka kumi na saba.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia wakili aombe kwa ajili ya mtoto peke yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Serikali. Malta ni jamhuri. Raisi anachaguliwa na bunge, hana nguvu nyingi, mwenye nguvu ni waziri mkuu. Bunge ni moja. Vyama vikubwa viwili, na kila familia iko kwa kimoja, kama wapenzi wa mpira. Watu karibu wote wanapiga kura na aliyeshindwa anarudi nyumbani kulala. Neema aliona ni jambo la kawaida. Sikumweleza zaidi.

Wametoa mate yake kwa kijiti cha pamba leo, kumbe ndicho kipimo chenyewe cha damu. Alidhani ni sindano, alifunga macho. Dakika moja tu, kazi imekwisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Bado hajui kwamba anaenda peke yake. Kila jioni tunasoma na anasema "tutaona, tutaenda, tutapanda mashua kwenda Gozo." Mimi naitika. Ni mwoga, mimi. Kusuka mtu mzima kwa saa saba naweza, kumwambia mtoto neno moja siwezi.

Mteja mmoja leo, mama Mwislamu wa hapa hapa Durban, babu zake walitoka zamani pwani yenye lugha yetu, aliona kitabu kwenye meza ya vitana. Akasoma ukurasa wa lugha. Kimalta kimezaliwa na Kiarabu. Sita ni sitta, tisa ni disgħa. Alifurahi, akasema mtoto hatapotea huko. Nilikwenda nyuma kunawa uso.

Alhamisi, 8 Mei

Damu imesema. Neema ni wa Papa Neema.

Kama kuna mtu alikuwa na wasiwasi, sasa atulie. Ndiyo, naandika kwa hasira.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia. Nilianza na historia, kwa sababu tulikuwa tumefika hapo. Kwanza watu waliojenga mahekalu ya mawe kabla ya piramidi. Wafinisia. Warumi. Waarabu. Mashujaa wa msalaba waliojenga Valletta baada ya kuzingirwa na Waturuki. Wafaransa miaka miwili tu, watu wakawachoka. Waingereza wakakaa mpaka 1964. Katika vita kuu walipigwa mabomu mpaka wakaishi chini ya ardhi. Jamhuri 1974, Ulaya 2004. Kila mtu amepita pale na kila mtu ameondoka, wenyewe wamebaki. Hapo ndipo nikasema, mama hatakuwa kwenye ndege.

Hakulia. Aliuliza nani atamsuka.

Nikasema papa atajifunza. Akasema papa ni fundi wa mawe. Kisha akaenda chooni, akafungua bomba ili nisisikie. Nimesikia.

Jumanne, 3 Juni

Kashindi ametia sahihi. Kwenye karatasi za hapa baba ni yeye, basi wakili alisema lazima akubali kumwachilia mtoto. Akasomewa: mimi, baba, nakubali. Alishika kalamu bila kuandika mpaka karani akampa nyingine, akidhani wino umeisha.

Wakili alikuwa ameandika maelezo yake kwa uangalifu, mtoto alizaliwa kwa mwanaume mwingine kabla hatujafika Durban. Ni kweli. Sasa mimi ndiye mke aliyezaa nje. Jina hilo nalibeba, nimebeba mazito kuliko hilo.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemsuka tangu saa mbili asubuhi. Mistari myembamba, imekazwa, itakaa wiki sita, saba akifunga kitambaa anapolala. Nimesuka polepole. Alilalamika mgongo unauma, nikajifanya sijasikia. Mama Gracia alinipa siku bila kukata mshahara, na nywele za rangi mbili. Mtu humjui kabla ya shida.

Nimempigia Papa Neema video, nimemwonyesha namna ya kufumua bila kukata nywele. Ameandika. Mwanaume mzima, na kalamu, anauliza naanzia juu au chini.

Jumamosi, 28 Juni

Ameenda.

Mama wa ndege alimvika kadi shingoni. Neema aligeuka mara mbili. Ya tatu hakugeuka. Kashindi alinishika kiuno, na mzee mmoja pembeni akasema kwa Kizungu, pole, na mumeo pia pole.

Jumapili, 29 Juni

Amefika. Wamepiga picha mlangoni. Ana masikio ya papa yake. Sikuwahi kuyaona pamoja.

Sikwenda kanisani. Sina la kusema na Mungu leo.

Jumatatu, 7 Julai

Vichwa viwili tu, baridi imefukuza watu.

Asubuhi tulikuwa ofisini, mimi na Kashindi, kuongeza muda wa karatasi. Tukakaa kwenye benchi la familia. Karani akagonga mhuri, mume, mke, mtoto akamfuta. Tumepewa tena. Kashindi amewahi Mobeni zamu ya mchana.

Neema alipiga jioni. Huko ni msimu wa sherehe za watakatifu, kila mtaa una wake, wanalipua fataki mchana kweupe. Siku ya kwanza alijificha chini ya kitanda, papa yake akajificha naye, kisha wakacheka. Sasa haogopi. Akanieleza kwamba nyumba zina vibaraza vya mbao vilivyofungwa kama makabati, na kwamba jirani, bibi mmoja, anamwita kwa jina la mtoto wake aliyekufa na yeye anaitika tu. Haya hayamo kitabuni. Alikuwa anasema polepole, anarudia majina, ananingoja nielewe. Ndivyo unavyomweleza mtu ambaye hatafika huko.

Nikamuuliza maswali mengi, kana kwamba sijawahi kusoma. Kuna mto? Hapana mama, hakuna mto. Kuna mlima? Akanijibu yote mpaka papa yake akamwita, chakula kiko tayari.