Bibi Aliyeningoja Mlangoni

Dada Zuwena,

Shikamoo. Natumai goti limeacha kukusumbua. Hapa London manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, na mimi bado naendesha gari la mizigo ya mahujaji wa Kikristo. Wao wanakwenda kwa miguu siku nyingi. Asubuhi wakishaondoka, nachukua mabegi yao na kuyatanguliza huko watakakolala. Kwa hiyo siwaoni. Nawajua kwa majina yaliyoandikwa kwenye mabegi tu.

Leo, kwenye kanisa wanakomalizia safari, nimemkuta bibi mmoja wa Kizungu kakaa mlangoni, kavua viatu, miguu imejaa malengelenge. Alikuwa ananingoja mimi.

"Siku sita umenibebea begi," akasema. "Nimetaka nikuone."

Akanimegea mkate wake wa jibini, tukala. Kisha akauliza, "Na wewe ukifika nyumbani, nani anakupokea?"

Nikamjibu, "Dada yangu."

Sikumwambia kwamba uko mbali, huko Makunduchi. Akafurahi, akanituma nikusalimie. Basi pokea salamu zake, pamoja na zangu.

Mungu akuhifadhi, dada, na dawa usiache.

Nduguyo,
Haji