Mafuta Mapya ya Freni kwa Gari ya Papa

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimu toka Lubumbashi, wewe na nyumba nzima ya Mitwaba. Magoti yanasema nini? Mihogo iliota? Ya macho siulizi, maana Lusia aliniambia kwa telefoni kama juzi ulisalimia mupapai ukifikiri ni Padri. Yeye njo atakusomea barua hii, na ninamuomba dada yangu asiruke mistari, hata ile yenye kumutaja.

Daktari wa macho wa hapa amekubali kukuona. Kinachobaki ni ufike mbele ya mvua kufunga njia. Lakini umesema hautapanda lori ya mutu mwingine, utapanda gari aliyotuachia Papa tu. Basi nikupe habari ya gari ya Papa, yote, bila kuficha.

Wiki zilizopita nilikuwa natoka Mokambo na unga, bibi yangu wa ndoa, Anjela, kando yangu. Kwenye muteremuko nikakanyaga freni, pedali ikashuka laini, kama kukanyaga bukari ya mahindi yenye kutoka sasa hivi kwenye moto. Nikapiga tena. Ikaenda mpaka chini.

Anjela akaniuliza, “Juu ya nini unakimbia?”

“Si miye nakimbia. Ni gari.”

“Basi iambie!”

Nikateremusha vitesi ili injini ishikilie gari, nikavuta freni ya mukono, tukaenda kusimama ndani ya matuta ya viazi ya mama mumoja. Alitutukana kwa Kibemba mpaka akachoka, kisha akatuletea maji ya kunywa. Tulipopumuzika, gari ikapoa, na pedali ikarudi ngumu, kama haikufanya kitu. Hapo nikaelewa. Freni yenye kuvuja hairudi. Yenye kurudi ikipoa iko na maji ndani ya mafuta: magurudumu yakipata moto, maji yanachemuka, yanageuka mvuke, na mvuke unakubali kufinywa. Mafuta hayakubali.

Sasa, maji yaliingilia wapi? Unakumbuka, nyuma ya matanga ya Papa, siku nilipoondoka na gari? Nilifungua kile kikopo cha mafuta ya freni niongeze, nikaenda kutafuta kitambaa. Niliporudi nilikukuta umesimama pale na chupa ya maji ya baraka ya Pasaka, tupu. Ulisema, “Nimeinywesha kidogo, ifike muzuri.” Nikafikiri umenyunyiza juu ya gari, kama Padri anavyofanya.

Usisikitike, Mama. Nilipomwambia Anjela kama maji njo yaliharibu freni, akajibu, “Na njo yalituokoa. Niambie, ni mutakatifu gani mwingine anasimamisha gari ndani ya viazi?” Mimi sibishani na watu wa kanisa. Nilinunua mafuta mapya.

Kazi yenyewe unaijua kunipita. Kila mvua zilipoisha, Papa alimwaga mafuta ya zamani, ya freni na ya ambrayaji, ile pedali ya kubadilisha vitesi, akisema yanavuta unyevu wa hewa hata ndani ya kikopo kilichofungwa, kama mulevi mwenye kulewa kwa harufu. Yeye alilala chini na ufunguo. Wewe ulikaa kwenye usukani na kitenge cha Jumapili, maana ulikataa watu wa njia wakuone ndani ya gari na nguo ya shamba.

“Finya!”

“Nimefinya!”

“Shikilia!”

“Nashikilia, baba Lusia. Nizeekee hapa?”

“Achilia!”

“Umefunga kwanza? Hewa isiingie!”

Majirani walifikiri munagombana. Mimi na Lusia tulijua kama mwaka muzima hamukuzungumuza muzuri hivyo.

Nami nimelala chini hivyo. Nilibadilisha mipira ya ndani ya freni iliyokwaruzwa na kutu ya yale maji, nikaanza na gurudumu la mbali na pedali, kama yeye. Telefoni ikalia, Anjela akaachilia pedali ajibu, hewa ikaingia yote, tukaanza upya. Mafuta ya ambrayaji yalitoka meusi kama kahawa ya matanga. Nilipokuwa chini kule nilisikia harufu ya mafuta ikinidondokea, na kwa kitambo kidogo nilingojea sauti yako iniulize kama nimefunga.

Kisha nikajaza mifuko ya mahindi, uzito wako na wa vifurushi vyako (Anjela aliongeza mufuko, akasema Mama hasafiri bila kuku), nikapanda na kushuka ule muteremuko wa huku Annexe, kandokando ya muji, mpaka watoto wakachoka kunikimbilia. Magurudumu yalikuwa ya moto kabisa. Pedali ilibaki juu.

Unisalimie mujomba katekista, na umuombe atuombee bila kufungua kapo, kile kifuniko cha injini. Salamu kwa shangazi muuza samaki, na kwa jirani yetu muzee aliyefanya kazi ya reli zamani, ambaye alisema gari hii haitafika Lubumbashi. Wewe Lusia, wafwako, asante kwa kusoma.

Nitaondoka Jumatatu. Nikifika, usikimbilie kiti cha kando. Kaa kwenye usukani, ukanyage mwenyewe. Hiyo haitaki macho, inataka muguu, na wako ulijua pedali ile mbele wangu haujaijua. Ikishuka hata kidogo, ukatae. Nitarudi peke yangu, na sitakubembeleza. Ikibaki juu, Mama, sogea kando, uniachie usukani, twende.

Mutoto wako wa pili,
Filipo