Sababu ya Mama Yako Kuondolewa Maabara

S.L.P. 417,
Jumapili, 12 Juni.

Mwanangu mpendwa,

Hujambo mama? Habari za baridi, na za masomo? Kile kikohozi ulichotuandikia kimekuacha? Sisi huku tunajikongoja. Goti la bibi yako limeanza tena ubishi wake; akitaka kusimama analisemesha kama mtu. Baba yako amerudi kazini wiki iliyopita. Anakula akikumbushwa.

Barua yako niliipata Jumanne, nimeisoma mara nne. Unasema umebakiza mwaka mmoja na hujui kemia itakupeleka wapi, na kwamba unafikiria kuiacha, usije ukaishia stoo kama mama yako. Nilikaa nayo jikoni mpaka chai ikapoa.

Nianze na hilo la kazi, maana ndilo rahisi. Mama yako alisimamisha masomo mwaka mzima kwa ajili ya kukuzaa wewe, ndiyo maana mimi mdogo wake nikamkuta darasani. Mimi niliangukia kiwanda cha sabuni. Kutwa napima magadi yasizidi, yasije yakababua ngozi za watu. Rafiki yetu tuliyemwita Miwani alikwenda maabara ya hospitali, kupima damu. Wenzetu wengine wako kwenye rangi, kwenye dawa, wengine wanapima udongo wa mashamba. Mmoja anawachunguzia polisi sumu. Wawili wanafundisha, na wanaapa hawajuti, ingawa chaki imewamaliza vidole. Mama yako ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Watu wa idara ya maji walimchukua kabla wino wa cheti haujakauka.

Jinsi alivyotoka kule hukuambiwa. Alinikataza. Sasa hayupo, na siwezi kukuacha umdharau kwa kosa lisilo lake.

Ulikuwa kidato cha tatu. Alipewa kupima maji ya kisima kipya, nyuma ya yadi wanakoyeyusha betri kuukuu. Akakuta risasi, yale madini yanayoharibu ubongo wa watoto. Akaosha vyombo vyote, akapima tena, na tena. Bosi wake akamwekea karatasi mezani inayosema maji ni salama, kwa kuwa kisima kilikuwa kinafunguliwa Jumamosi na wageni wameshaalikwa.

"Tia sahihi, mama. Vifaa vyako ni vya zamani," akamwambia.

"Ni vya zamani, lakini havisemi uongo," mama yako akajibu.

Jumatatu akakuta mwenzake ameshatia sahihi, na yeye ana barua ya uhamisho: stoo ya mabomba.

Jioni hiyo alikuja kwangu, hata viatu hakuvua. Alitaka aende mtaa ule awaambie watu wasinywe. Mwanangu, mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, "Dada, umekataa kutia sahihi, inatosha. Ukipayuka watakufukuza, na mtoto anasoma."

"Na wale watoto wengine je?"

Nikamjibu, "Watakuja kupima wengine."

Alinitazama sana. Kisha akanyamaza, na ukimya ule ulidumu miezi kumi na moja.

Aliyeuvunja ni Miwani. Watoto wa mtaa ule walianza kuletwa hospitali wakilia matumbo, wengine wamesahau hata herufi walizokuwa wakizijua. Daktari akaagiza damu ipimwe. Miwani alipoona majibu alikuja kwa mama yako mbio, koti la kazi bado liko mwilini. Wakaandika ripoti pamoja, na safari hii mama yako akaweka jina lake juu kabisa. Kisima kikafungwa wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyemwomba radhi, wala kumrudisha maabara. Kumrudisha kungekuwa kukiri.

Mimi, kwa kutaka kujifuta machozi, nikamwambia, "Si unaona dada, ulikuwa sahihi."

Akasema bila kugeuka, "Nilikuwa sahihi, na watoto wakanywa."

Siku ile ulipomwambia kwenye simu kwamba hutaki kusoma miaka yote hiyo uje kuhesabu mabomba kama yeye, nilikuwepo. Alicheka, akakuambia ukazane. Simu ilipokatika akachukua sufuria iliyokuwa safi tayari, akaisugua kwa muda mrefu. Nikamwomba nikueleze. Akakataa. "Akijua ataiogopa kazi. Mwache aipende kwanza."

Na zile Jumamosi ulizodhani anakwenda kwaya, alikuwa anakwenda mtaa ule, nyumbani kwa mama mmoja fundi cherehani, kumfundisha bintiye kusoma. Alikwenda miaka mitano, mpaka figo zilipomlaza. Mtoto sasa ana miaka kumi na miwili, anasoma maneno mafupi. Siku ya mazishi, ambayo wewe hukuweza kuja, fundi yule alilia kuliko sisi wa damu, na watu wakaulizana ni nani.

Fundi huyo hajui kama ni mimi niliyesema watapima wengine. Nimekwenda kwake mara mbili nikiwa nimejiandaa kumwambia. Mara zote mbili nimemwachia mche wa sabuni, nikaaga.

Basi kazi zipo, mwanangu, na kichwa unacho. Chagua sabuni, damu, udongo, maji, lolote moyo wako utakaloliridhia. Ila popote utakapokuwa, ipo siku utaambiwa utie sahihi pasipostahili. Siku hiyo usije ukaniuliza mimi.

Bibi anakusalimu, anasema ule. Baba yako anakusalimu pia. Usimwandikie haya, nitamweleza mwenyewe nikipata nguvu. Nisalimie mjomba wako na mkewe hapo, na yule mwenzako wa chumbani anayekupikia uji. Mungu akutunze ugenini, akupe usingizi mwema. Ukinikasirikia nitaelewa, lakini niandikie, hata mstari mmoja.

Nikupendaye siku zote,
Mama yako mdogo.