Siku ya tisa na bakuli la Haruka

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, ile ya Brussels ambayo hainyeshi ikakuridhisha wala haikatiki, na moyo wangu haujatulia tangu nilipofumbua macho.

Mwenzenu nimekaa na bakuli la watu.

Ni la bluu, lina kifuniko, na mwenyewe ni Haruka, msichana wa Kijapani wa chumba cha mwisho kwenye korido yetu hapa Woluwe. Amekuja kwa muhula mmoja wa mabadilishano ya wanafunzi kama mimi, ila mimi natokea Tanga na nasomea uuguzi. Leo ni siku ya tisa bakuli lake liko juu ya friji yangu, safi, kavu, tupu. Jumamosi asubuhi anaondoka kurudi kwao. Na mimi sijui nilirudishe vipi.

Kwenda mlangoni kwake ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Lakini niende na chombo kitupu? Mimi, mtoto wa Mama Zuhura? Kwetu hata ukikosa kabisa utatia humo ndimu mbili au sukari kidogo ndipo umrudishie jirani chombo chake. Vyombo vya mama yangu vimetapakaa mtaa mzima na hana haraka navyo. Kuna jirani alihamia Muheza na hotpoti ya mama. Mama akapanda basi kuifuata, akakaa huko siku tatu, akarudi bila hotpoti. Baba alicheka mpaka akapaliwa.

Mambo haya yalianza Februari nilipoanguka na mafua. Sikuwa na mtu hata wa kunichemshia maji. Siku ya pili nikafungua mlango, nikakuta bakuli sakafuni, na kikaratasi chenye jina la Haruka: uji wa mchele umevurugiwa yai, na katikati tunda dogo jekundu lenye chumvi na ukali wa kukufumbisha jicho. Nililia. Labda ilikuwa homa, lakini nililia.

Nilipopona nikalirudisha na maandazi, nikadhani mambo yameisha. Siku tatu baadaye, bakuli lile lile mlangoni: wali umefinyangwa pembetatu na kuvishwa mwani. Haya. Nikatia kisamvu. Likarudi na viazi na nyama, vyote vina sukari sukari. Nikatia visheti. Likarudi. Nikatia pilau. Likarudi! Mwezi wa nne ndipo nikashtuka: kumbe na Wajapani wana mambo haya haya. Tumekutana wawili tusiojua kuacha.

Sasa niseme ukweli ambao sijauandika humu. Miezi yote hii ya kulishana, mimi na Haruka hatujawahi kukaa meza moja. Ratiba zetu zinapishana, yeye anaacha mlangoni kwangu, mimi naacha mlangoni kwake. Kiingereza chake kina haya na changu kinakwama. Darasani Wabelgiji wananisalimia vizuri tu, halafu kila mtu anashika njia yake. Kwa hiyo urafiki wangu wote wa mji huu ni hilo bakuli. Nikimrudishia tupu atajua nimemchoka.

Na mimi nimechoka, jamani. Siyo yeye. Nimechoka kuwaza nipike nini.

Juzi nilikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, kwa Maman Régine, mama wa Lubumbashi anayeniuzia unga na nazi. Aliniona nimekodolea rafu kama nimepotewa na kitu.

"Mutoto, kila semaine uko unapikia muntu," akasema. "Uko na bwana?"

Nikamweleza habari ya bakuli, mwanzo mpaka mwisho. Akapunga mkono.

"Bon, umurudishie vile. Vide. Iko na shida gani?"

"Maman, wewe ungerudisha tupu?"

Aliniangalia kama nimemtukana ukoo. "Miye? Jamais!"

Huo ndio msaada niliopata Matonge, pamoja na makopo mawili ya tui.

Nikaamua mkate wa kumimina. Mchele nililoweka jana, leo nikausaga kwa blenda ya kuazima, nikatia tui, hamira na hiliki, nikaingiza kwenye oveni ya jiko letu la pamoja. Kisha nikaenda kujinyoosha dakika tano tu. Wiki nzima sijalala vizuri kwa mtihani na kwa hilo bakuli.

Kilichoniamsha ni kengele ya moto.

Nyumba nzima tulitoka nje mvuani, orofa tatu, mmoja ana taulo kichwani, na mlinzi wa nyumba na orodha yake anaita majina. Moto haukuwapo. Ulikuwa moshi tu, na harufu ya hiliki iliyoungua mpaka barabarani. Nikanyoosha kidole: ni mimi. Mlinzi akasema jambo refu la Kifaransa kuhusu oveni, na namshukuru Mungu sikulielewa lote. Aibu niliyoona siwezi kuieleza.

Ndipo nikamwona Haruka anaitazama mikono yangu. Na mimi nikaitazama. Sikuwa nimechukua simu, wala pasipoti, wala viatu. Nilikuwa nimelikumbatia bakuli lake.

Ningefanya nini? Nikampa. "Halina kitu," nikamwambia. "Mkate umeungua. Nisamehe."

Alifungua kifuniko, akachungulia, akafunika. Nikatamani moto ungekuwa wa kweli. Halafu akashusha pumzi, mabega yakalegea.

"Sufuria nimeshazigawa," akasema polepole. "Wiki hii yote naogopa utaleta kitu."

Nilicheka kama mwendawazimu. Yeye akaanza kucheka nyuma ya kiganja, kisha akaacha kujificha.

Moshi ulihitaji nusu saa kutoka. Tukaenda kibanda cha chipsi cha ng'ambo ya barabara, yeye na kandambili, mimi na soksi zilizolowa chapachapa, akalipa kwa simu yake. Mvua ikalainisha ile karatasi ya chipsi mpaka ikaanza kupasuka mikononi mwetu, basi Haruka akafunua bakuli, akamimina zote humo na mayonezi juu. Tukala kwa mikono tumesimama kwenye kituo cha basi. Akaniambia tangu Machi anampigia mama yake kuuliza apike nini tena. Akaniambia anayapenda maandazi kuliko vyote. Miezi mitano, na leo ndiyo nimejua anapenda nini!

Tuliporudi mimi ndiye niliyebeba bakuli; mlangoni kwake akanyoosha mkono kulipokea. Nikalivuta.

"Acha nilioshe kwanza," nikasema. Akaliachia.

Nimemdanganya. Bakuli nimeliosha tangu saa nzima iliyopita, liko pale pale juu ya friji, na hofu imerudi, safari hii nyingine kabisa. Je, kesho akija kuliulizia? Akidhani mimi ni mwizi? Nani anamwibia mtu anayefunga mizigo? Lakini nikilirudisha, iwe limejaa au tupu, Jumamosi tutakuwa tumemalizana, na mimi sitaki tumalizane.

Nimempigia mama. Sikumweleza yote. Nilimuuliza tu, ile mara aliyokwenda Muheza, kwa nini hakurudi na hotpoti yake.

"Ningeichukua," akasema, "mara nyingine ningekwenda kwa sababu gani?"

Basi kesho nitakwenda hatua zangu kumi na mbili mikono mitupu, nimwambie mwenyewe. Bakuli halirudi, Haruka. Ukilitaka, lifuate Tanga.